Majibu Yetu Yanakwenda Wapi?

Hapana shaka wengi wenu mmepata kumpokea mlangoni kijana mwenye daftari, au siku hizi mwenye simu ya kuandikia, aliyepiga hodi akaomba ruhusa ya kuuliza maswali. Huuliza nyumba ina watu wangapi, na watoto wangapi wanasoma. Mahindi yamevunwa magunia mangapi, yameuzwa lini na kwa bei gani. Na diwani wa mtaa anajulikana kwa sura au kwa jina tu. Mwenye nyumba humpa kiti na maji, akamjibu kwa adabu hata yale ambayo jirani hathubutu kumwuliza. Kisha mgeni hushukuru akaenda zake, wala haonekani tena. Mwezi huu twapenda kuyafuata majibu hayo tujue yanakwenda wapi, yanazaa nini, na ni nani anayeyala matunda yake.

Tuanzie Uganda, kwani huko ndiko maswali yalikofichua jambo kubwa kuliko yote tutakayoyataja. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, serikali ya nchi hiyo ilikuwa ikiongeza fedha za elimu ya msingi, lakini hesabu za wanafunzi zilizoletwa Kampala hazikuonyesha maendeleo yaliyolingana na fedha hizo. Wataalamu wa Benki ya Dunia, Ritva Reinikka na Jakob Svensson, wakishirikiana na wenzao wa Uganda, wakafanya kazi iliyo nyepesi kuisema, nayo kumbe haikuwa imefanywa: zikaendewa shule 250 za msingi, yakafunguliwa madaftari ya hesabu, na yale yaliyotoka hazina yakalinganishwa na yale aliyoyapokea mwalimu mkuu. Fedha walizozifuatia si mishahara ya walimu. Zilikuwa ruzuku iliyokadiriwa kwa kila mtoto, kwa mahitaji ya shule yasiyokuwa mishahara.

Majibu yalikuwa haya. Kati ya mwaka 1991 na 1995, katika kila shilingi 100 zilizotolewa na serikali kuu kwa ajili ya shule hizo, zilizofika shuleni ni 13 tu kwa wastani. Shule nyingi hazikupata hata senti. Nyingine zote ziliishia mikononi mwa maofisa wa wilaya, wakazitumia kwa mambo mengine au kwa nafsi zao. Na wala upungufu huo haukugawanyika sawasawa. Shule zilizo katika vijiji vya watu wenye uwezo zilipata zaidi kuliko zile za mafukara, na watafiti wakaona kwamba ni kwa sababu wazazi wenye uwezo walikuwa na nguvu ya kudai. Fukara hakuwa anajua kama kuna haki yake iliyokuwa njiani. Na asiyejua kwamba ametumiwa mzigo hawezi kwenda bandarini kuuuliza.

Yaliyofuata ndiyo yaliyoufanya utafiti huu ujulikane dunia nzima. Serikali ya Uganda, badala ya kukasirika na kuificha ripoti, ilianza kutangaza magazetini fedha zilizopelekwa kila wilaya, na shule zikaamriwa kubandika tangazo la kiasi zilichopokea, mahali ambapo kila mzazi apitaye aweza kuliona. Ulipofika mwaka 2001, fedha zilizofika shuleni zilikuwa zimepita 80 katika kila 100. Watafiti wale wale wakarudi wakapima tena, wakaona kwamba shule zilizo karibu na mahali panapouzwa magazeti zilinufaika zaidi kuliko zilizo mbali.

Insafu yatutaka tuseme pia kwamba wako wataalamu waliokuja baadaye wakauliza kama sifa yote yafaa kupewa magazeti. Walisema kwamba katika miaka hiyo hiyo mambo mengine mengi ya utawala na fedha yalibadilishwa Uganda, na kwamba mwaka 1997 ulianza mpango wa elimu ya msingi bila ada, macho ya nchi nzima yakaelekea shuleni. Sisi twaona neno lao lina haki. Gazeti peke yake halimkamati mwizi. Lakini mwizi huiba kwa raha zaidi pale ambapo hapana anayejua hesabu, na hilo hakuna aliyelikanusha. Na kwa kuwa tumelifikia jambo la kubandika hesabu mlangoni, twapenda kuwauliza pole pole ndugu zetu wa kamati za madrasa na misikiti: ni nani mwezi uliopita aliyebandika ya kwake?

Tuvuke mpaka tuingie Busia, upande wa Kenya. Kila mtu huamini kwamba mtoto akipewa kitabu atasoma vizuri zaidi. Twaliamini sisi, twaliamini walimu, na waliliamini shirika moja la Kidachi lililotaka kuzisaidia shule za Busia na Teso. Zikachaguliwa shule 100, zikagawanywa katika makundi manne, na mwanzo wa mwaka 1996 kundi moja la shule 25 likapewa vitabu vya kusomea. Wachumi watatu, Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin, wakapima alama za watoto waliopewa na wasiopewa. Kwa wastani hapakuwa na tofauti ya maana. Waliopanda ni wale waliokuwa mbele tangu hapo. Wengine wote walibaki walipokuwa, vitabu vikiwa mikononi.

Sababu yake, kwa walivyoieleza wenyewe, ni lugha na kiwango. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa wengi wa watoto wale Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Tena mafunzo yenyewe yalikuwa yametungwa kwa kiwango cha mtoto wa mjini ambaye wazazi wake wamesoma. Mtoto wa Teso alikifungua kitabu, akaona picha, akakifunga. Ripoti ya kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2009, na Kremer akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa namna hii ya kuupima msaada kabla ya kuusifu.

Twalitilia mkazo jambo hili kwa sababu hutokea mara nyingi sana miongoni mwetu kwamba mtu mwenye moyo mwema hununua vitabu, akavipeleka shuleni, akapigwa picha navyo, kisha jambo likaisha. Hatusemi vitabu visinunuliwe. Twasema anunuaye naamkalishe kwanza mtoto mmoja wa darasa lile, ampe ukurasa ausome kwa sauti. Kazi hiyo ni ya dakika kumi, nayo haihitaji profesa.

Jambo la tatu ni la sokoni, na hapa mama wa nyumba atakuwa hodari kuliko sisi. Katika magharibi ya Kenya, bei ya mahindi huanguka wakati wa mavuno, kisha miezi michache mbele hupanda kwa robo au zaidi. Hilo lajulikana hata kwa mtoto anayetumwa gorogoro moja dukani. Ajabu ni kwamba mkulima, naye akijua hivyo, huuza wakati wa bei ya chini, kisha akaenda kununua mahindi yale yale wakati wa njaa kwa bei ya juu. Wasomi wa vitabu kwa miaka mingi walidhani mkulima hajui hesabu. Marshall Burke, Lauren Falcao Bergquist na Edward Miguel wakaenda kuuliza, wakaambiwa jibu ambalo kila mzazi angewapa bure: mavuno yakiisha, hufuata ada za shule na madeni, na mkulima hana fedha nyingine ila iliyomo ghalani.

Basi baadhi ya wakulima wakapewa mkopo wakati wa mavuno, magunia yao yakiwa dhamana, ili waweze kungoja. Wakangoja, wakauza baadaye, wakapata faida iliyokadiriwa kuwa 29 katika kila 100 walizokopeshwa. Tena palipokuwa na wakopaji wengi pamoja, bei ya soko zima ikatulia: haikuanguka sana wakati wa mavuno, wala haikupanda sana baadaye. Kwa hiyo faida ya wakopaji wenyewe ilipungua kidogo, lakini ikawafikia na majirani ambao hawakukopa.

Hapa msomaji wetu atakuwa na maswali mawili, nayo ni ya haki. La kwanza ni la riba, kwani mkopo ule ulikuwa na nyongeza juu yake. Jibu letu ni kwamba utafiti umeonyesha faida ya kungoja, na kungoja kwaweza kupatikana kwa njia nyingine: kwa chama cha ushirika kinachowatangulizia wanachama fedha bila nyongeza, au kwa kikundi cha mtaa kinachokopesha kwa ihsani. Swali la pili ni la kuhodhi chakula. Wanavyuoni wengi wamepambanua kati ya anayenunua chakula cha watu wakati wa dhiki akakificha ili kiwe ghali, na mkulima anayeweka mavuno ya jasho lake. Na hesabu ya sokoni imetuonyesha kwamba huyu wa pili, wakiwa wengi, hupunguza ughali wala hawauzidishi.

Sasa turudi kwa yule kijana wa mlangoni. Ripoti ya shule za Uganda ilichapishwa mwaka 2004, na ya mahindi mwaka 2019, zote mbili katika jarida moja, Quarterly Journal of Economics, linalohaririwa katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Hatuwalaumu waandishi, mwanachuoni hupeleka kazi yake panapotambuliwa. Lakini mkulima aliyejibu maswali hayajui majina yao. Hata mwalimu wa sekondari aliye kilomita chache tu kutoka soko lile, akitaka kununua makala moja ya jarida la namna hiyo, bei yake yaweza kupita ujira wa kibarua wa siku kadhaa.

Yamefanywa mambo ya kulitibu tatizo hili, na si haki kuyanyamazia. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa HINARI, na mwaka uliofuata Shirika la Chakula na Kilimo likaanzisha AGORA, ili maktaba za nchi zisizo na uwezo zipate majarida ya afya na ya kilimo bure au kwa malipo madogo. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, iliyotayarishwa kuchukua vitabu 800,000 na wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Haya ni makubwa. Hata hivyo, maktaba ya chuo kikuu ina mlinzi mlangoni na kadi ya kuingilia, na mvuvi wa Kilwa aliyehojiwa juu ya bei ya pweza hana kadi hiyo.

Afadhali kidogo ya ngamia wa Garissa. Tangu mwaka 1996, Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya iliwabebesha ngamia masanduku ya vitabu, wakavipeleka kwa jamii za wafugaji wanaohamahama. Ikiwa ngamia aliweza kubeba hadithi za watoto, hatuoni kwa nini asiweze kubeba karatasi mbili za Kiswahili au za Kisomali, zinazosema: mwaka fulani mliulizwa hivi, mkajibu hivi, na tuliyoyaona ni haya.

Nasi watu wa pwani hatukosi mfano wetu. Katika Msikiti wa Riyadha, Lamu, vimo vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono, na baadhi yake vina maneno ya kwamba ni wakfu kwa wanafunzi. Mwenye kukiandika kitabu chake hivyo alikuwa amekitoa katika mali yake, kisiuzwe wala kisirithiwe, kisomwe na atakaye kusoma. Katika miaka ya karibuni vitabu hivyo vilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, ili visomwe na watu wa mbali bila malipo. Twaliona jambo hilo kuwa jema mno. Twaona pia kioja chake: kitabu cha shekhe aliyefariki zamani humfikia msomaji bure, na habari za gunia la mahindi la mwaka juzi zimefungiwa kwa ufunguo.

Kwa sheria, mtafiti hafanyi kazi Tanzania bila kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, wala Kenya bila cha tume yao ya sayansi, na huwekewa sharti la kuleta nakala ya ripoti. Nakala hiyo huenda Dar es Salaam au Nairobi. Hakuna kinachomzuia mwenye nyumba asitake na ya kwake. Atakapokuja tena yule kijana, apewe kiti na maji kama ada yetu, na aombwe aonyeshe kibali chake. Si kwa ukali, kwani mtafiti mwaminifu huwa nacho mfukoni. Kisha aulizwe majibu yataletwa kwa nani hapa kijijini, kwa mwalimu mkuu, kwa imamu, au kwa mwenyekiti wa mtaa, na jina hilo liandikwe mbele yake. Na akisema kwamba ripoti itakuwa ya Kiingereza, naaulizwe ni nani atakayeifasiri, na kwa mwezi gani.