Kikohozi Kisirudishwe Nyumbani

Wapo wasomi ambao kila wasikiapo habari za tiba mpya iliyogunduliwa Ulaya au Marekani, jawabu lao ni moja tu: inunuliwe mashine. Siku hizi wameikamia tiba inayoteketeza uvimbe wa mapafu kwa joto bila kupasua kifua. Hakuna mwenye akili timamu atakayeipinga tiba hiyo. Linalostahili kupingwa, tena bila haya, ni kasumba ya kudhani kwamba mashine ikishafika bandarini, saratani imekwisha kushindwa.

Tiba yenyewe haina miujiza. Mganga humpa mgonjwa ganzi au nusukaputi na, akiongozwa na picha za kompyuta, hupenyeza sindano nyembamba baina ya mbavu hadi ndani ya uvimbe. Umeme wa masafa ya redio, au mawimbi ya maikrowevu, huupasha uvimbe joto linalozidi nyuzi 60 za sentigredi, na chembe zake hufa. Taarifa za wagonjwa wa kwanza wa mapafu zilitolewa na wataalamu wa Marekani mwaka 2000. Tangu hapo wagonjwa wenye pumzi haba, wasioweza kustahimili kisu, wamefaidika nayo. Hatari zipo, kwa mfano hewa kuvujia kifuani na pafu kusinyaa, lakini waganga wanazijua na wana njia za kuzikabili.

Lakini wasifu mashine hawapendi kutaja sharti lake. Joto hilo hufanya kazi vyema pale uvimbe usipozidi sentimeta 3 na kama saratani haijasambaa. Uvimbe ukiwa mkubwa, kingo zake hubaki hai na ugonjwa hurejea. Saratani ikishafika kwenye ini na mifupa, kuuchoma uvimbe wa pafuni peke yake hakutamponya mgonjwa.

Sasa atazamwe mwananchi wa Mnazi Mmoja. Mchukuzi wa mizigo wa Kariakoo akikohoa mwezi mzima, huenda katika hospitali au zahanati iliyo jirani. Ni haki mganga aanze kwa kushuku kifua kikuu, kwa kuwa maradhi hayo ni mengi nchini. Kosa huanza pale majibu ya makohozi yanapotoka safi, mgonjwa akapewa chupa ya dawa na kuambiwa aende nyumbani. Kosa huzidi pale anapoanzishiwa dawa za miezi 6 bila vijidudu kuonekana, na mwezi wa pili asitokee wa kuuliza kwa nini bado anakonda. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mchukuzi huyu hakuficha kitu; aliyaleta maradhi yake mwenyewe hadi dirishani, akarudishwa nayo.

Kutoka Mnazi Mmoja hadi Muhimbili, au hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ni mwendo wa miguu. Ni aibu mwendo huo kumchukua mgonjwa miezi mingi.

Watajitokeza wa kusema kwamba nchi ni maskini. Hoja hiyo ilikwisha kujibiwa zamani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi vijijini kuzunguka redio, wakajifunza kinga na kuitekeleza kwa mikono yao. Mwaka 1977 ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma. Kwa darubini, daftari na ufuatiliaji wa kila mgonjwa, mpango huo, ukishirikiana na mtaalamu Karel Styblo, ulijenga utaratibu ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza kwa mataifa mengine katika miaka ya 1990. Nchi maskini iliufundisha ulimwengu namna ya kutafuta maradhi ya kifua.

Basi upungufu uko wapi? Uko kwenye daftari. Anayekutwa na kifua kikuu hufuatwa hadi apone. Anayekutwa hana, ingawa bado anakohoa, jina lake huishia kwenye mstari wa majibu.

Ushahidi mwingine uko karibu. Joto tayari linatumika nchini kuondoa dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba hiyo. Huko linafaulu kwa sababu mwanamke huitwa kupimwa kabla hajahisi maumivu. Mapafu hayajapata mwito kama huo.

Mikono ya kazi nayo inaandaliwa. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianza kufundisha shahada ya uzamili ya tiba zinazofanywa kwa sindano na kuongozwa na picha. Wataalamu hao ndio wanaoweza kuchukua kipande cha uvimbe kikapimwe maabara, jambo ambalo hutangulia tiba yoyote ya maana.

Kinachodaiwa, basi, ni amri ya kazi. Kila anayeendelea kukohoa baada ya majibu safi apigwe picha, aandikiwe rufaa, jina lake liwekwe katika daftari na afuatwe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, itekelezwe kwa namna itakayolipia uchunguzi wa mapema. Bima itakayogharimia kitanda cha siku za mwisho na kusita kugharimia picha ya mwezi wa kwanza itakuwa imekosea hesabu. Walimu nao wawafundishe vijana hatari ya sigara, na wawaeleze wazazi kwamba kikohozi kisichokoma hakipaswi kuzoeleka.

Mashine na inunuliwe wakati wake ukifika. Lakini afisa anayeidhinisha ununuzi wake leo, huku wakohozi wa Kariakoo wakirudishwa nyumbani, ananunua pambo la ghali. Dirisha la Mnazi Mmoja litengenezwe kwanza.