Visanduku vya kijani si cheti

Fungua ukurasa wa GitHub wa kijana yeyote anayejifunza kuprogramu na kitu cha kwanza kukupiga jicho ni visanduku vya kijani. Ni kalenda ya mwaka mzima. Siku uliyotuma kazi, kisanduku chake kinageuka kijani, na ukituma nyingi rangi inakolea zaidi. Sasa imekuwa mashindano. Watu wanapiga picha ya skrini na kuposti "siku 100 mfululizo" kama mtu aliyemaliza mfungo.

Sitaki kuwacheka. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, sina digrii ya kutundika ukutani, na najua wengi wetu tunaosaka kibarua cha kompyuta hapa Nairobi tuko hivyo hivyo. Kwetu sisi ukurasa ule ndio cheti. Na hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu cheti hiki ni rahisi sana kukighushi. Tarehe ya kazi kwenye Git unajiandikia mwenyewe. Kuna programu ndogo zilizotengenezwa maksudi kupaka kalenda rangi. Ukitaka, utachora hata jina lako, mwaka mzima kwa usiku mmoja.

Wanaoogopa udanganyifu wa wazi hivyo wana njia ya pili: hifadhi za pamoja za mazoezi ya algoridhimu. Algoridhimu ni hatua za kutatua tatizo, mfano kupanga majina au kutafuta njia fupi kati ya vituo viwili. Hifadhi kubwa ya aina hii inaitwa The Algorithms. Ile ya lugha ya Python pekee imepewa nyota zaidi ya 150,000. Mtu yeyote duniani anaruhusiwa kupeleka kodi yake (si ile ya landilodi), wasimamizi wanaojitolea wanaisoma, ikiwafaa inaingia. Kwa anayeanza ni mlango mzuri sana. Hakuna anayekuuliza ulisoma wapi.

Lakini mlango ukiwa wazi, kila mtu anaingia na viatu vyenye matope. Oktoba 2020 wenyeji wa hifadhi nyingi walikiona. Kampuni ya DigitalOcean ina kampeni ya kila mwaka inaitwa Hacktoberfest, na mwaka huo ukituma michango minne ulikuwa na nafasi ya kupata fulana ya bure. Fulana tu! Hifadhi zilifurika maombi ya kubadilisha neno moja kwenye maelezo, au kuongeza sifa zisizo na kazi yoyote. Wasimamizi wakachoka, wakalalamika, na siku chache tu baada ya kampeni kuanza sheria ikabadilishwa: mchango ungehesabiwa tu kwenye hifadhi iliyojiandikisha yenyewe.

Hasara ya tabia hii haionekani kwenye kalenda. Kila ombi la upuuzi linasomwa na binadamu asiyelipwa, na ombi la dogo aliyekesha akitafuta kosa la kweli linakaa nyuma ya foleni.

Sasa, mchango wa maana unafananaje? Chukua algoridhimu ambayo kila mtu hudhani anaijua, kutafuta kwa kugawa katikati. Una orodha ya majina iliyopangwa kialfabeti. Unaangalia jina la katikati. Kama unalotafuta liko mbele yake unatupa nusu ya nyuma, kama liko nyuma unatupa ya mbele, unaendelea hivyo. Orodha ya majina milioni moja unaimaliza kwa hatua kama 20. Tamu kabisa, na inaonekana rahisi. Ila Donald Knuth, mmoja wa wazee wa fani hii, aliandika kwamba njia hiyo ilichapishwa mara ya kwanza mwaka wa 1946, na toleo lililochapishwa bila kasoro likaja 1962.

Na haikuishia hapo. Mwaka wa 2006 Joshua Bloch alitangaza kwamba toleo lililokuwa ndani ya maktaba ya Java, aliloliandika mwenyewe, lilikuwa na hitilafu iliyojificha kwa miaka kama tisa. Ili kupata katikati, unajumlisha namba ya mwanzo na ya mwisho, kisha unagawa kwa mbili. Nani angeshuku hesabu hiyo? Lakini namba nzima ya kawaida kwenye Java haipiti 2,147,483,647. Orodha ikiwa kubwa vya kutosha, jumla inafurika na kugeuka hasi, programu inaanguka. Dawa yake ni mstari mmoja: chukua mwanzo, ongeza nusu ya tofauti.

Mstari mmoja. Kwenye kalenda ni kisanduku kimoja, tena cha kijani kilichopauka. Mtu anayepeleka toleo la kumi la kupanga namba, lililonakiliwa mahali, anapata kisanduku kile kile. Na siku hizi akili unde inakuandikia toleo hilo kwa sekunde chache, kwa hivyo kulipeleka hakuthibitishi chochote kukuhusu. Kilichobaki kuwa chako ni kuona pengo, na kutetea jibu lako mgeni anapokuuliza "kwa nini hivi?"

Kuna masela watakaosema haya yote ni mchezo wa wasio na kazi, kwamba kazi za hapa mjini ni kuunganisha duka la mtandaoni na M-Pesa, na hakuna bosi atakayekuambia upange namba kwa mkono. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini malipo ya wateja nayo yana orodha tupu, namba hasi na mtu aliyebonyeza mara mbili. Anayezoea kuuliza maswali hayo kwenye hifadhi ya mazoezi, ambako kosa halimgharimu mtu shilingi, atayauliza pia kwenye pesa za watu.

Nyinyi waajiri pia msijifanye hamhusiki. Tangazo linadai digrii, halafu kwenye mahojiano mnampa mtu kalamu na ubao aandike algoridhimu kwa dakika kumi huku watu watatu wakimkodolea macho. Mkishapewa kiungo cha ukurasa wake, mnahesabu kijani mnafunga. Someni michango mitatu, na hasa mabishano yaliyo chini yake. Pale mtaona kama alikataliwa akanuna, au alirudi na majaribio mapya. Nusu saa inatosha, na hamhitaji barua ya chuo chochote.

Na wewe unayeanza, bando isikuzuie. Faili moja unaihariri kwenye kivinjari bila kupakua hifadhi nzima. Soma kwanza sheria za wachangiaji. Ile ya Python inakataza kazi ya kunakili, haipokei kitu ambacho tayari kipo, na inataka majaribio, yaani mifano inayowekwa ndani ya maelezo ya kodi ambayo kompyuta yenyewe inaiendesha kuona kama jibu ni lile uliloahidi. Kisha chagua algoridhimu moja unayoielewa kabisa. Ipe orodha tupu. Ipe orodha ya kitu kimoja, halafu mtafute mtu ambaye hayumo. Ikikwama popote, umepata kazi ya wiki nzima.