Malenga Asomaye Malenga Peke Yao

Pana desturi iliyoota mizizi katika mabaraza ya ushairi wa pwani. Malenga aulizwapo ni waandishi gani awapendao, jibu huwa limekwisha kupangwa kabla ya swali: Muyaka bin Haji, Mwana Kupona binti Msham, Shaaban Robert, kisha kimya cha heshima. Majina hayo hayana doa. Lenye doa ni jibu, kwani halielezi mapenzi bali linataja nasaba. Mtu huwataja magwiji kama atajavyo mababu, ili ajulikane kuwa ni wa ukoo. Riwaya, tamthilia, wasifu na hadithi za upelelezi, ambazo huenda ndizo zilizomkesheza usiku, huachwa nje ya mlango kama viatu.

Wanaoitetea desturi hii wana hoja mbili. Ya kwanza husema kuwa ushairi ni fani yenye wivu: haimpi siri zake mtu ambaye moyo wake umegawika. Ya pili huegemea methali, kwamba mwacha asili ni mtumwa, na asili ya Mswahili ni ushairi. Nathari ni mgeni aliyekuja na mitambo ya kupigia chapa. Hoja zote mbili zina sauti nzuri. Ila ni kheri kuwauliza hao hao wanaotajwa kwa heshima.

Tuanze na asili. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa na Bwana Mwengo huko Pate mwaka 1728, ni miongoni mwa tendi kongwe tulizo nazo. Kisa chake, vita baina ya majeshi ya Kiislamu na Herekali mfalme wa Rumi, hakikuzuka katika ubeti. Kimetokana na masimulizi ya Kiarabu ya maghazi, ambayo yalikuwa nathari na yakipendwa kama nathari. Mtunzi aliyapokea, akayapima kwa mizani ya utendi wa Kiswahili, na bahari ikaongezeka maji. Basi mwanzoni kabisa mwa asili tunayotishwa nayo yuko msomaji aliyependa fani mbili.

Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, ndiye shahidi mkubwa zaidi. Hakuna haja ya kubuni orodha ya aliowapenda, kwa kuwa vitabu vyake vyenyewe vyaonyesha. Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, kimechota kisa chake katika Alfu Lela Ulela. Mwaka huo huo ikatoka tafsiri yake ya rubai za Omar Khayyam, aliyoifanya kupitia Kiingereza cha Edward FitzGerald. Mwaka 1954 alitoa Kielezo cha Insha. Akaandika habari za maisha yake mwenyewe, na wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyefariki mwaka 1950. Hadithi za Baghdad, Mwajemi wa kale, insha, na sauti ya mwanamke wa Unguja: yote yaliingia katika kichwa kimoja na hayakugombana. Anayemtaja Shaaban Robert kuwa hoja ya kusoma mashairi pekee amelisoma jina, hakuvisoma vitabu.

Wala hakuwa peke yake. Julius Nyerere aliifasiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, na The Merchant of Venice mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Tamthilia hizo hakuzilazimisha kuvaa vina. Aliziacha katika mistari isiyo na vina, kama zilivyo katika asili yake. Lakini mwaka 1996, alipozitoa Injili kwa lugha yetu, alizitoa kwa tenzi zenye vina. Mtu huyo huyo alijua lini vina vinafaa na lini vinasonga. Ujuzi wa namna hiyo hauzaliwi katika kabati lenye fani moja.

Lakini dhuluma kubwa zaidi wamefanyiwa waandishi wa visiwani wenyewe. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la mwaka 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960. Bwana Msa, na kiko chake na rafiki yake Najum, ni jamaa wa Sherlock Holmes, na hilo halikufichwa. Hata hivyo mazungumzo ya watu wake ni Kiunguja kitupu: kejeli, mizungu, vijembe, na kauli zinazosema jambo kwa kulizunguka. Je, si hizo ndizo mali za malenga? Naye Adam Shafi, katika Kuli ya mwaka 1979, aliandika maisha ya wachukuzi wa bandarini na mgomo wao wa mwaka 1948. Mshairi anayetaka kuimba jasho la bandari na akakipita kitabu hicho kwa kuwa "ni hadithi tu", amejinyima kwa hiari yake.

Desturi hii ina gharama, na gharama hiyo imeshalipwa. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alitoa Paradise mwaka 1994, riwaya ya misafara ya biashara kutoka pwani kwenda bara. Alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Tafsiri ya Kiswahili, Peponi, kazi ya Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022. Miaka 28 ilipita riwaya ya pwani ikisomwa ughaibuni, ilhali wajuzi wa lugha ya pwani wamekaa barazani wakishindana kwa mizani. Lawama si ya mtu mmoja, na fedha za uchapishaji nazo zina sehemu yake. Lakini kitabu hufasiriwa na anayekipenda, na lugha ambayo mafundi wake wanaona haya kupenda riwaya itangoja mpaka Stockholm iwape ruhusa.

Hoja ya kwanza basi ijibiwe kwa uadilifu. Ni kweli kwamba vina na mizani havifunzwi na riwaya. Kwa hilo kuna Amri Abedi na Sheria za Kutunga Mashairi, iliyotoka mwaka 1954, na kuna kuwasikiliza wakongwe kwa miaka. Anayeruka hatua hiyo huonekana mara moja. Lakini vina ni jahazi, na jahazi halisifiwi kwa kuelea tupu. Beti ngapi husomwa leo katika hafla, zimetimia vina vya kati na vya mwisho, wala hamna mtu ndani yake, hamna nyumba, hamna ugomvi, hamna jina la samaki? Zimesoma beti nyingine, na hizo nazo zilisoma nyingine, mpaka yamebaki mapambo yanayotazamana kwenye vioo.

Wanaoathirika ni vijana. Kijana wa skuli anayependa hadithi za upelelezi na pia anatunga kwa siri hufunzwa kuwa moja ni tunu na jingine ni upuuzi. Huchagua, na aghalabu huuacha ushairi, kwa kuwa ndio uliomdharau. Hivyo ndivyo fani inavyopoteza wapenzi wake, si kwa sababu ya wageni, bali kwa kiburi cha wenyeji.

Malenga waulizwe tena, na safari hii wajibu kweli. Muyaka na atajwe, na Bwana Msa atajwe baada yake bila ya sauti kushuka. Wakongwe hawatatahayari, wengi wao walisoma zaidi ya wanaowalinda.