Mbegu Isiyo Mbegu: Mgomba, Mkulima na Istilahi Zetu

Wahenga walinena kuwa mgomba haushindwi na mkunguwe. Katika mihadhara ya fasihi simulizi methali hii hufafanuliwa kwa wepesi: mzazi halemewi na mwanawe. Sina ugomvi na maana hiyo, kwani ndiyo matumizi yake. Ninachohoji ni tabia yetu sisi wanafunzi wa fasihi ya kuishia hapo, kisha tukaandika katika mtihani kwamba mkungu ni mtoto wa mgomba. Mwulize mkulima wa Kisii au Murang'a mtoto wa mgomba ni yupi. Hatakuonyesha mkungu, atakuonyesha chipukizi linalochomoza ubavuni mwa shina. Hata anapopunguza machipukizi, hushauriwa abakishe mama, mtoto na mjukuu, na mkungu haumo katika ukoo huo. Mkungu ni mzigo, na mara nyingi mgomba hushindwa nao kweli kweli, ndipo tukautegemeza kwa nguzo.

Nimeanza na methali kwa sababu uzembe huohuo wa kutoutazama mmea umeingia katika istilahi, na huko madhara yake hayaishii katika alama za mtihani. Maoni yangu ni kwamba maneno tunayoyatumia kueleza uchavushaji na mbegu za mgomba yameazimwa kutoka kwa mahindi na maharagwe, na mgomba hauyakubali.

Tuutazame basi. Mgomba hutoa maua ya aina mbili katika kikonyo kimoja. Yale ya kwanza, ya kike, ndiyo yanayogeuka kuwa chane za ndizi. Ya mwisho, ya kiume, hubaki yamefumbatwa katika kile kichwa chekundu kinachoning'inia chini ya mkungu. Katika migomba mwitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambayo ndiyo asili ya migomba yetu, popo na ndege wanywao nekta kama chozi huchukua chavua kutoka ua la kiume hadi la kike, na tunda hujaa mbegu nyeusi, ngumu kama changarawe, hata likakosa nyama ya kuliwa. Migomba ya shambani haifanyi hivyo. Tunda lake hunenepa bila kuchavushwa kabisa. Tena mingi, ukiwamo ukoo mzima wa matoke wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, ina seti 3 za kromosomu, yaani 33 badala ya 22, na seti 3 hazigawanyiki sawasawa wakati wa kuunda chembe za uzazi. Vidoa vyeusi unavyoviona katikati ya ndizi mbivu ni mabaki ya mbegu zilizokufa kabla ya kuwa mbegu.

Sasa msikie mtaalamu akimwambia mkulima, "Mgomba hauna mbegu." Mkulima atacheka, kwa kuwa jana tu amemwomba jirani mbegu ya migomba akapewa machipukizi matatu. Katika Kiswahili cha shambani, mbegu ni kitu chochote kinachopandwa ili kiote: kipande cha shina la muhogo ni mbegu, kiazi ni mbegu, na chipukizi la mgomba ni mbegu. Vilevile mbegu ni aina, kama tunaposema mbegu nzuri ya ng'ombe. Maana hii pana ina mantiki yake, na ilikuwapo kabla ya vitabu vyetu vya sayansi. Aliyeibana ikawa kile tu kinachopatikana baada ya chavua kulikuta yai alimwandikia mwanafunzi wa darasani akamsahau mwenye shamba.

Neno linalonitia wasiwasi zaidi ni "ua dume". Ugonjwa wa mnyauko wa bakteria uliothibitishwa nchini Uganda mwaka wa 2001, baada ya kuripotiwa Ethiopia katika zao la enseti mwaka wa 1968, ulifika magharibi mwa Kenya mwaka wa 2006. Njia yake mojawapo kuu ni ua hilohilo. Nyuki na wadudu wengine hulitembelea kutafuta nekta, nao hubeba bakteria kutoka mgomba mgonjwa hadi makovu mabichi yanayoachwa na maua na magamba yanapodondoka. Kinga yake ni rahisi: chane ya mwisho ikishatokea, kichwa hicho kivunjwe kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, maana kisu nacho hubeba ugonjwa. Lakini mwambie mfugaji wa kuku na mbuzi aondoe "dume" kabla jike halijakomaza mzigo wake! Ana haki ya kusita, kwani neno lenyewe limemfundisha kwamba bila dume hakuna uzao. Ukweli ni kinyume: ndizi hizo hazikumhitaji dume tangu mwanzo. (Wahakiki wetu wa ufeministi wana hazina hapa ambayo sijaona ikiguswa.)

Kuna mahali ambapo dume anahitajika, nako ni katika vituo vya utafiti. Huko Kawanda, Uganda, watafiti huchukua chavua ya mgomba mwitu asubuhi na mapema, wakaipaka kwa mkono kwenye maua ya kike ya matoke, kisha wakayafunika. Mkungu ukiiva hupondwa ili kutafuta mbegu, na mingi haitoi hata moja. Ile inayopatikana hupasuliwa, kiinitete chake kikakuzwa katika chupa ya maabara, kwa sababu ikipandwa udongoni ni nadra kuota. Kwa jasho hilo ilipatikana migomba chotara inayostahimili magonjwa, kama ule uliotolewa kwa wakulima wa Uganda mwaka wa 2010. Waganda waliuita Kiwangaazi, jina la lugha yao lenye maana ya kudumu. Chotara wa jamii hiyo walipotolewa Tanzania mwaka wa 2021 waliitwa TARIBAN 1 hadi 4. Lugha iliyotupa mkono wa tembo, kisukari na bokoboko ilistahili zaidi ya herufi za taasisi.

Mimi ningependekeza neno "mbegu" libakie mikononi mwa mkulima kwa upana wake wote, na kile kinacholetwa na chavua kiitwe kokwa. Najua wanaisimu watanikosoa kwamba kokwa ni ile ya embe au ya tende. Hata hivyo, aambiwaye "ndizi yenye kokwa" huelewa papo hapo kwamba kuna kitu kigumu ndani ya tunda, ilhali "ndizi yenye mbegu" itambidi aulize mbegu ipi. Kuhusu ua dume, sina neno la kulitetea kwa sasa. Wakulima wa Kiluhya, Kiteso na Ekegusii wanakishika kichwa hicho kila msimu, na wengi wetu tunarudi kwao likizo ya Agosti tukiwa na daftari tupu. Tukiuliza wanakiitaje, na wanakivunja lini, tutakuwa na orodha ya kuanzia kabla kamati yoyote ya istilahi haijaketi.