Jirani wa Tajiri Haonekani: Hebu Tupite Kwihara

Mkamate mtu wa Ziba pale stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, umuulize kwao wapi. Atakujibu haraka, "Tabora". Wala hajadanganya. Ziba iko wilaya ya Igunga, na Igunga ni mkoa wa Tabora. Lakini hapo Tabora mjini penyewe labda hupita kwa nadra, akisaka karatasi zake za ofisini. Ndivyo tulivyo sisi wa vimji vidogo, tunajibanza nyuma ya jina la mkubwa ili tusije tukaulizwa, "Huko ndiko wapi tena?"

Basi wiki hii, msomaji wangu, nakupeleka kwa aliyebanwa kuliko wote. Kwihara. Ni kijisehemu kilicho kilometa kama 10 tu kutoka Tabora mjini, upande wa kusini-magharibi. Kipo karibu mno na mkubwa, na hapo ndipo kasheshe ilipo. Wa mbali angalau hukumbukwa kwa umbali wake.

Zamani mambo hayakuwa hivi, bwana. Enzi za misafara ya pembe za ndovu na watumwa, Unyanyembe yote ilikuwa kama stendi kuu ya bara. Watokao Bagamoyo walipumzika hapo kabla ya kuendelea Ujiji. Henry Morton Stanley alipofika Juni 1871 hakupewa nyumba Tabora, alipewa tembe Kwihara. Tembe unaijua: kuta nene za udongo, paa la bapa, ua katikati.

Agosti mwaka huohuo kukachafuka. Waarabu wa Tabora, Stanley akiwa nao, walikwenda kumpiga mtemi Mirambo. (Mirambo naye alikuwa na yake. Njia ilipita kwake, kwa nini asilipwe?) Walirudi mbio. Mirambo akawafuata mpaka Tabora, akamuua Khamis bin Abdullah, nyumba zikateketea. Watu wa mjini wakakimbilia wapi? Kwihara! Stanley akatoboa matundu ya bunduki kwenye kuta za tembe lake, akapandisha bendera ya Marekani, wakakaa macho. Siku hizo hakuna aliyeuliza Kwihara ndiko wapi.

Stanley akamkuta Livingstone Ujiji, wakarudi wote Kwihara Februari 1872. Stanley akaondoka Machi. Mzee wa watu akabaki kwenye tembe hadi Agosti, zaidi ya miezi mitano, akisubiri wapagazi kutoka Unguja. Walipofika akaenda zake kusini, na mwaka uliofuata akafia kwa Chitambo, nchi tunayoiita Zambia leo.

Hapa tulia kidogo, maana kipande hiki husimuliwa kwa haraka mno. Susi na Chuma na wenzao waliikausha maiti kwa chumvi, wakaifunga, wakaibeba kwa miguu. Oktoba 1873 wakaingia nayo Kwihara. Wakamkuta Mwingereza mwingine, Cameron, anatetemeka kwa homa. Akawashauri wamzike hapohapo, njia ya mbele ni mbaya. Wakakataa katakata. Wakambeba mpaka pwani, na Aprili 1874 akazikwa Westminster Abbey, London.

We hebu fikiria wangekubali! Saa hizi Kwihara ingekuwa na hoteli za ghorofa, na Tabora ndiyo ingejitambulisha kuwa iko "karibu na Kwihara". Lakini siwalaumu kina Susi. Walikuwa wameahidiana wamfikishe kwao, na neno lao walilitimiza kwa nyayo zao.

Kilichommaliza jirani mdogo ni reli. Mwaka 1912 ilifika Tabora, na stesheni ikawekwa mjini. Mpagazi akakosa kazi, na duka likafuata abiria. Kwihara ikabaki na tembe, ambalo sasa ni makumbusho ya Livingstone.

Na sisi wageni tunaikomoa zaidi. Mtu analala Tabora, anakula Tabora, anajaza mafuta Tabora. Kwihara anakwenda saa moja, picha tatu mlangoni, maji ya chupa amenunua mjini, asali ya zawadi kanunua sokoni mjini. Anachoacha pale ni vumbi la matairi. Halafu akirudi Dar anasema, "Nilikwenda Tabora kuona nyumba ya Livingstone." Jamani! Hata jina anamnyang'anya?

Ukienda, nenda asubuhi bila haraka. Shinda huko. Tafuta wa kukupikia kuku na ugali, umlipe vizuri bila kulia bei. Na mwenyeji akianza hadithi kwa Stanley, mwombe kwa adabu, "Mzee wangu, nianzie kwa Susi na Chuma."