Katriji ya vepu si redio ya kufumuliwa nyumbani

Mama mmoja wa Maposeni, Songea, ameniandikia akiuliza kama mwanawe anajidunga dawa za kulevya. Alipokuwa akifagia chumba cha kijana huyo wa miaka 19 alikuta bomba la sindano, pamba, waya mwembamba uliosokotwa kama springi, mkasi mdogo na chupa ya soda yenye kimiminika cha rangi ya chai. Kijana alipobanwa alisema hajidungi kitu. Anatengeneza upya katriji za vepu, maana mpya ni ghali. Mama hakuamini. Mimi namwamini kijana, na bado nina wasiwasi kuliko mama.

Kabla hatujaenda mbali, mama mwenzangu, nenda kaitoe ile chupa ya soda. Umeniambia nyumbani kuna mjukuu wa miaka mitatu. Mtoto wa umri huo akiona chupa ya soda anajua jambo moja tu la kuifanyia. Ifunge, ibandike karatasi iliyoandikwa SUMU, ifungie kabatini. Ukirudi tuendelee.

Vepu, yaani sigara ya kielektroniki, inafanya kazi kama kibatari kisicho na moto. Ndani ya katriji kuna utambi wa pamba unaofyonza kimiminika, na kuna waya mdogo unaopashwa joto na betri. Kimiminika kinageuka mvuke, mtu anauvuta. Cha dukani huwa na nikotini, gliserini, kemikali iitwayo propilini glaikoli, na viungo vya ladha. Pamba ikiungua au kimiminika kikiisha, katriji hutakiwa kutupwa. Vijana wetu, ambao wamekua wakiona baba akifumua redio na mama akiziba sufuria, hawatupi. Wanaifungua, wanaweka pamba nyingine, wanasokota waya mwingine, wanajaza kwa bomba la sindano. Nawaelewa. Kutengeneza kilichoharibika ni tabia njema, na tumeishi nayo miaka yote. Ila redio ikitengenezwa vibaya inakoroma tu. Hiki kinaingia kifuani.

Nilimwomba mama amuulize kijana ile rangi ya chai imetoka wapi. Jibu lilikuja jioni: ameloweka majani ya tumbaku kwenye gliserini aliyonunua duka la dawa. Ruvuma majani hayo si kitu cha kutafutwa. Songea na Namtumbo wanalima tumbaku ya moshi, na kipande cha jani kavu unaweza kukipata kwa jirani bila kutoa senti.

Hapo ndipo nilipoacha chai yangu ikapoa.

Tumbaku mbichi inaweza kumlewesha mkulima aliyevuna majani yenye umande. Anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anatapika, mwili unakuwa dhaifu. Wengine hudhani ni malaria au jua kali. Ni nikotini iliyopenya kwenye ngozi ya mikono na mgongo, bila mtu kuvuta chochote. Ikiwa inapita kwenye ngozi nzima ya mtu mzima, fikiria anayeishika kwa vidole akiichuja, kisha akaivuta ikiwa na kiasi ambacho hakuna mtu duniani amekipima.

Hata ya dukani si ya mchezo. Vimiminika vingi vina miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita moja, vingine hufika 50. Chupa ndogo ya mililita 10, yenye ile nguvu ya chini, imebeba miligramu 200. Mvutaji wa sigara ya kawaida huingiza mwilini kama miligramu moja au mbili kwa sigara moja. Kijiko kimoja tu cha chai cha kimiminika hicho kinaweza kutosha kumuua mtoto mdogo. Dalili huanza upesi: mate mengi, kutapika, jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, baadaye analegea, anapata degedege, pumzi inakata. Usimlazimishe kutapika. Usipoteze muda ukihangaika na maziwa. Mfute mdomo, mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji mengi, kimbia naye kituo cha afya, na chupa uichukue.

Kuna vijana watakaoniambia, "Daktari, gliserini ni salama, hata kwenye keki ipo." Ni kweli ipo kwenye keki. Tumbo lina njia zake za kuvunjavunja kinachoingia, mapafu hayana. Mwaka 2019 hospitali za Marekani zilianza kupokea vijana wenye afya njema waliokuwa wakishindwa kupumua. Hadi Februari 18, 2020, wagonjwa waliolazwa au kufariki walikuwa 2,807, na kati yao 68 walikufa. Wengi walikuwa wamevuta katriji zenye kilevi cha bangi, zilizojazwa mitaani au kupatikana kwa marafiki. Watafiti walipochunguza majimaji kutoka kwenye mapafu ya wagonjwa 51, waliwakuta 48 wakiwa na asetati ya vitamini E. Ni mafuta ambayo watu wanayameza kwenye vidonge na kujipaka usoni bila shida. Kuyavuta kama mvuke kulihusishwa sana na ugonjwa huo. Kwa hiyo nikisikia mtu ameongeza mafuta ya kula, asali au manukato ili mvuke uwe mzito, sitaki hata kusikia sababu.

Waya nao una habari yake. Utambi ukiwa mkavu au waya ukipata moto kupita kiasi, gliserini na mwenziwe huvunjika na kutoa fomaldehaidi. Ukiichanganya na maji unapata fomalini, ile inayohifadhia maiti mochwari. Waya wenyewe, hasa wa kuokoteza kwenye pasi mbovu au uliolehemiwa kwa risasi, unaweza kuachia nikeli, kromiamu na risasi ndani ya mvuke. Hakuna fundi anayeweza kuviona kwa macho.

Halafu betri. Kijana aliyefika kidato cha pili anaikumbuka kanuni ya Ohm. Betri ya lithiamu ya volti 3.7, ikiunganishwa na waya mfupi wenye ukinzani wa ohm 0.1, inatakiwa kutoa ampea 37. Betri nyingi za aina hiyo, hasa zilizotolewa kwenye kompyuta mpakato zilizokufa, hazikuumbwa kwa mzigo huo. Zinachemka, zinavimba, zinaweza kulipuka mfukoni au karibu na mdomo. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno ibaki kwenye meno.

Sheria yetu ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003, na inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Mwaka huohuo mfamasia wa China, Hon Lik, ndipo alipokuwa akibuni hiki kifaa. Uganda walikipiga marufuku kwa sheria ya 2015. Mimi ningependa na sisi tukitaje kwa jina lake, ila sina imani kwamba marufuku peke yake itaingia chumbani kwa kijana wa Maposeni. Ninaowategemea zaidi ni wauzaji wa dawa. Mkoa wa Ruvuma ndiko Duka la Dawa Muhimu lilikoanza kwa majaribio, mwaka huohuo wa 2003. Muuzaji akiona kijana ananunua gliserini na bomba la sindano bila cheti wala mgonjwa, swali moja la upole halimgharimu mauzo.

Wapo pia wanaoniuliza kama vepu si afadhali kuliko sigara. Kwa mvutaji wa siku nyingi anayehangaika kuacha, mvuke wa kifaa kilichotengenezwa kiwandani na kukaguliwa una sumu chache kuliko moshi wa sigara. Hoja hiyo inaishia pale mtu anapokifungua. Na kwa kijana ambaye hakuwahi kuvuta, haikuwepo tangu mwanzo.

Mama, usimpige mwanao na usimtishie polisi. Alikwambia ukweli mara mbili kwa siku moja. Wazazi wengi hawaupati hata mara moja kwa mwaka. Mwambie aache leo kile cha chupa ya soda. Nikotini ina uteja, kwa hiyo siku za kwanza atakuwa na hasira, hatalala vizuri, hatatulia darasani au kazini. Mvumilie, na akubali kuonana na daktari.

Na wewe kijana unayesoma kwa kuchungulia bega la mzazi: ukianza kukohoa, kifua kikauma, ukapata homa au pumzi fupi, sema kwamba ulivuta vepu, na useme ulichoweka ndani. Kwenye picha ya eksirei mapafu yaliyoumizwa na mvuke yanafanana na nimonia. Usiposema, utapewa dawa za nimonia, na siku zitapita. Kama baba amesimama mlangoni na huwezi kutamka, mwombe daktari amtoe nje kwanza. Tumezoea kuombwa hivyo.