Wakala Amebeba Amana



Machakos yajua kusaidiana tangu zamani. Wakamba wana desturi iitwayo mwethya: majirani hulima shamba la mmoja wao leo, kesho la mwingine. Katika miaka ya 1970 na 1980, wengi katika vikundi hivyo walikuwa wanawake, wakichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kila mmoja alitoa nguvu zake, na wote wakimwona.

Katika bima ya kampuni hatumwoni mwenzetu. Tunamwona wakala tu. Ndiyo maana Kenya ilitunga Sheria ya Bima mwaka 1984, ikaanza kutumika 1987, ikimtaka wakala asajiliwe. Mwaka huo huo makampuni yaliunda chama chao, AKI. Na mwaka 2007 ikaanza kazi mamlaka ya serikali ya kusimamia bima, IRA.

Wanazuoni nao hawakunyamaza. Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la Kimataifa lenye makao Jeddah lilikataza bima ya kibiashara kwa sababu ya gharar, likaelekeza kwenye bima ya kusaidiana. Hiyo ndiyo takaful: washiriki huchangia mfuko kwa nia ya tabarru, na kampuni huuendesha kwa niaba yao. Kenya ilipata kampuni ya kwanza ya takaful kamili mwaka 2011, Takaful Insurance of Africa.

Lakini jina la takaful halitoshi ikiwa mchango haukufika. Mjane aweza kulipa miaka kadhaa, na siku ya msiba akaambiwa jina lake halimo daftarini. Kwa hiyo twawausia mambo matatu. Kwanza, takeni kuiona leseni ya wakala, na muulize kama ni ya mwaka huu. Pili, lipeni kwenye akaunti ya kampuni yenyewe, wala si mkononi, na risiti muiweke pamoja na hati za nyumba. Tatu, ulizeni fedha zawekezwa wapi, na ziada ikibaki ni ya nani. Wakala mwema hachukizwi na maswali haya.

Nawe uliye wakala, kumbuka kwamba katika fiqhi wakala ni amini. Leseni huisha kila mwaka. Hisabu ya amana haiishi mpaka Siku ya Kiyama.

Allah atujaalie wenye kutimiza amana. Amin.